Kikohozi Amegoma Kuwaka

Nyumbani,
mezani jikoni, karibu na jiko,
Alhamisi, jua limetoka lakini halijaanza kazi.

Mpendwa mdogo wangu,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujaamkia kwa sababu nakujua, ukifungua bahasha utakimbilia habari, na shikamoo utaikumbuka ukishamaliza. Hujambo lakini? Wifi yangu hajambo? Na wanangu hao wawili, yule mkubwa ameacha kubishana na walimu? Mdogo sikio limepoa? Mgongo wako je? Uliposema unaumwa mgongo kwa sababu ya kukaa kwenye kiti nilicheka peke yangu mpaka baba akauliza nani amekuja. Mtoto wa fundi bomba, baba yake kainama chini ya masinki ya watu maisha yake yote, yeye kiti kimemshinda! Pole lakini. Jikande na maji ya moto.

Wakwe zako nao nisalimie, hasa baba mkwe wako. Mwambie bado tunamwomba radhi kwa ile siku uliyofunga koki kubwa ya nyumba yake ukidhani imesahauliwa wazi, kumbe mwenyewe yuko bafuni na sabuni machoni. Kila nikikumbuka huwa nacheka. Leo nimeikumbuka na sikucheka, na huko mbele utaona kwa nini.

Sisi huku wazima, ila baridi. Baridi ya mwaka huu haina adabu. Asubuhi ukitoka nje nyasi zinavunjika chini ya viatu, na dirisha la jikoni lina barafu kwa ndani, kwa ndani nakwambia. Nimevaa soksi juu ya soksi na lile koti la baba la kazini lenye harufu ya gundi ya mabomba, na bado vidole havishiki kalamu vizuri. Ukiona mwandiko unayumba usiseme dada kazeeka.

Sasa nikwambie lililonikalisha hapa. Usikate tiketi ya baba. Kama umeshaikata, iache kwanza mpaka ufike mwisho wa barua hii. Najua ni mimi mwenyewe niliyekulilia kwenye simu kwamba baba akili imeanza kumtoka, uje umchukue ukae naye huko kwako. Ni mimi, sikatai. Na leo ni mimi ninayekwambia subiri. Usinione kigeugeu. Nimechanganyikiwa tangu baridi ianze, na leo ndiyo nimechanganyikiwa zaidi, ila kwa upande mwingine. Simu sikutaka, maana nyumba hii unaijua, ukipiga chafya jikoni unaambiwa pole chumbani.

Yote haya ameyaleta Kikohozi.

Kikohozi hukumfahamu sana, alipoletwa ulikuwa umeshahama. Ni katrekta ka bustani, kamezidi sofa kidogo tu, kana kiti kimoja cha chuma na katela nyuma. Baba alikachukua alipoacha kazi ya mabomba, ili akae nyumbani, akaishia kulimia mtaa mzima. Jina alipewa na mama, kwa sababu hawezi kuwaka mpaka akohoe kwanza, halafu atoe moshi mweusi, ndipo akubali. Na tangu mama atutoke baba hana rafiki mwingine. Kikohozi akiwaka asubuhi, baba anakuwa mtu. Anapiga mluzi, anagombana na mbwa wa jirani, anadai chai ya pili na kusema ya kwanza ilikuwa maji. Asipowaka, baba anakaa akitazama mikono yake mpaka mchana.

Basi baridi ilipoingia tu, Kikohozi akaanza visa. Unamwasha anakohoa, ananguruma vizuri kabisa, unasema haya, tumepona. Hata hujarudisha kile kikono chekundu cha choki unachovuta injini ikiwa baridi, anaanza kuishiwa pumzi, anakufa. Ukijaribu tena hataki kabisa. Stata inalia tu, nya-nya-nya, mpaka betri inachoka na wewe unachoka.

Jirani yetu, yule dereva mstaafu wa basi tunayemwita Honi kwa sababu ya sauti yake, alikuja akasema petroli imeingia maji. Tukamwaga, tukatia nyingine. Hakuna kitu. Akasema ni betri. Tukaingiza betri ndani, ikalala hapa jikoni kama mgeni, mimi nikawa naipita kwa kuiruka. Hakuna kitu. Tukamwita fundi wa mashine, Fundi Mswaki. Tunamwita hivyo kwa sababu hana kifaa anachokiamini zaidi ya mswaki mkuukuu, anausugulia kila kitu. Akasugua plagi, akaipuliza, akasema baridi ndiyo inayomsumbua, itaisha yenyewe. Asante sana! Hilo hata sungura wangu wangeniambia.

Lakini lililonivuruga mimi si hilo. Siku za soko huwa natoka mapema kupeleka sungura. Na kila siku ya soko nikirudi, baba ananiambia, tena kwa furaha, leo Kikohozi kawaka bila tabu, nimezunguka naye uani. Nakwenda bandani, namkuta kafunikwa turubai lake, nagusa injini, baridi. Nikawa najiuliza, inawezekanaje mashine iwake siku nisipokuwepo tu? Ina chuki na mimi? Nilimuuliza baba vizuri, kwa upole wote nilionao, ambao unaujua si mwingi, kama ana hakika. Akaniangalia akasema, unaniuliza kama nimeendesha trekta au sikuendesha? Moyoni nikasema, mzee ameota, na ndoto ameanza kuziona mchana.

Hapa sasa nisome polepole, maana ndipo mambo yote yalipo.

Baba ana utaratibu wake wa asubuhi za baridi. Anatoka mapema, anaondoa turubai. Chini ya tangi la petroli kuna kikoki kidogo, kikono chake ukubwa wa kidole cha mtoto. Kikilala kufuata bomba, petroli inashuka kwenye injini. Kikikaa kukingama, imefungwa. Baba anafungua hicho kwanza, ili petroli ipate muda wa kushuka. Halafu anachovya taulo kwenye maji ya moto, anakamua, anazizungushia kwenye tumbo la injini, maana oili ikipoa inakuwa nzito kama uji uliolala na injini haiwezi kuzunguka. Ndivyo alivyokuwa akifanya kwenye mabomba ya watu yakiganda. Akishazifunga taulo anarudi ndani kunywa chai, taulo zifanye kazi. Kikombe kikiisha anatoka, anaondoa taulo, anavuta kile kikono chekundu, anazungusha ufunguo.

Siku za joto hakuna taulo wala chai. Anafungua koki, anapanda, anawasha, anaondoka. Kumbuka hilo.

Sasa, wiki iliyopita Fundi Mswaki alirudi mara ya pili. Tulikuwa wote bandani, mimi, Honi na baba. Kikohozi alikuwa ametoka kufa, kama kawaida. Mswaki akalala chini chali na mswaki wake mfukoni, akakaa huko kidogo, akasema, "Mzee, koki ya mafuta umeifunga."

Baba akasema, "Nimeifungua."

"Hii hapa imefungwa, mzee wangu."

"Nimeifungua kwa mkono wangu."

Mswaki hakubishana. Akaigusa kwa kidole, akainuka, akazungusha ufunguo. Kikohozi akanguruma akajaza banda moshi, wala hakufa. Kumbe siku zote alikuwa anawaka kwa yale mafuta kidogo yaliyobaki ndani ya injini, yakiisha naye anakwisha. Honi akacheka, na cheko la Honi unalijua, mtaa mzima uliambiwa. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama baba. Alikuwa anaiangalia ile koki kama mtu aliyeitwa kwa jina na hajui nani kamwita. Alimzima Kikohozi mwenyewe, akachomoa ufunguo, akaniwekea kiganjani. "Shika wewe," akasema. Akaingia ndani, akalala na viatu.

Fundi bomba, mdogo wangu. Fundi bomba kusahau koki! Angesahau jina langu ningesema uzee. Na kabla ya hapo alishatia chumvi kwenye chai, na jioni moja aliniuliza kama mama amesharudi. Nikajumlisha moja na moja. Ndipo nikakupigia nikilia, nawe ukasema atakuja kukaa kwako, Kikohozi auzwe, mimi nipumzike. Sikulaumu hata kidogo, ulisema lililo jema. Lakini kwako ni ghorofa ya nne, hata chungu cha maua hakuna. Nilimweleza baba nikijua atawaka, atapiga meza, ataniambia niondoke nyumbani kwake. Akasema, "Sawa. Nyie ndio mnaona." Basi. Mtu anayegombana na redio! Usiku ule sikulala. Ningelala kama angepiga meza.

Kesho yake nikifagia chumbani kwake nikakuta begi chini ya kitanda, limeshafungwa. Nikalifungua, nisamehe, mimi ni mimi. Mashati, dawa zake, picha ya mama, na ile spana yake kubwa ya mabomba, ameivingirisha kwenye sweta. Sijui alidhani atafungua nini huko kwako. Nililifunga nikalirudisha, nikaenda kulia kwa sungura.

Leo asubuhi sasa. Niliamka na hasira, wala sijui za nani. Nikasema kama Kikohozi anauzwa, auzwe, lakini kwanza nitamwasha mimi kwa mkono wangu, haondoki hapa akiwa mshindi. Nikafanya yote kama baba. Mwenyewe alikuwa ameketi hapa hapa ninapoandikia, na kikombe chake, kageukia ukuta asitazame nje. Nikaondoa turubai. Nikafungua koki kwa kidole hiki hiki kilichoshika kalamu. Nikachovya taulo, nikakamua huku napiga kelele maana maji yalikuwa yanaunguza, nikazizungusha kwenye tumbo la injini. Taulo zikifanya kazi, nikasema ngoja niwape sungura maji kama kila asubuhi. Nikateka kwenye lile bomba la ukutani mle mle bandani, nikawapelekea, nikarudi ndani nikapiga mafunda ya chai, nikatoka tena. Nikaondoa taulo, nikavuta kikono chekundu, nikazungusha ufunguo.

Akakohoa, halafu akawaka! Nilipiga kigelegele peke yangu kama kichaa. Na kabla sijakimaliza, akakata pumzi, akafa.

Nikainama chini ya tangi. Koki imefungwa.

Mdogo wangu! Niliifungua! Nakumbuka ubaridi wake kwenye ncha ya kidole. Baba hakuwa ametoka, kikombe chake nilikikuta pale pale na yeye pale pale. Bandani hakuna aliyeingia, maana mlango ni mmoja na kutoka kwa sungura naona nani anapita. Nikasema, ndiyo hivyo. Na mimi nimeanza. Ugonjwa umepitia kwa baba ukaja kwangu, na nywele zangu bado nyeusi, karibu zote. Nikapanda kwenye kile kiti cha chuma, barafu tupu, nikalia kwa sauti. Nikajiuliza nani atanichukua mimi. Wewe? Mimi na baba ghorofani kwako, yeye kitanda cha chini mimi cha juu, tunaulizana mama amerudi? Sijawahi kuogopa hivyo. Si kwa kuwa nilisahau, watu wote wanasahau. Ni kwa kuwa nilikumbuka vizuri kabisa jambo ambalo macho yangu yanasema halikutokea. Kwa muda ule nilikuwa baba.

Halafu hasira zikarudi, Mungu asante kwa hasira. Nikasema narudia, na safari hii nasema kwa sauti. Nikafungua koki. "Nimefungua!" Nikaichungulia, iko wazi. Nikachukua ndoo, nikateka maji kwenye bomba la ukutani, nikalifunga, nikainua ndoo kwa mkono wa kulia, nikapita kwenye ule uchochoro kati ya ukuta na Kikohozi, na nikasikia kitu kidogo, krik.

Nikatazama chini. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa chini ya tangi. Umeshaifunga.

Sikuutuma. Naapa sikuutuma. Ulikuwa hauna kazi ukajitafutia. Nilisimama pale na ndoo inamwagikia mguuni, naushangaa kama mkono wa mtu mwingine.

Unakumbuka tulivyolelewa? Wenzetu walisimuliwa hadithi kabla ya kulala, sisi tulizungushwa nyumba nzima kugusa koki. Jikoni, gusa. Bafuni, gusa. Nje, gusa. Na baba anapita nyuma yetu kugusa tulizogusa, akikuta tone moja unatolewa kitandani na blanketi lako. Mpaka mikono ikajifunza yenyewe bila kichwa. Koki iko wazi na hakuna mtu aliyesimama nayo, inafungwa, na ukiulizwa huna habari. Usijione umepona, muulize baba mkwe wako aliyekuwa na sabuni machoni.

Mama hakuwa nao ugonjwa huu. Mama aliacha kila kitu wazi, baba anamfuata nyuma anafunga na kunung'unika. Kwa hiyo miaka yote ile Kikohozi aliwashwa kwenye baridi na baba alikunywa chai yake kwa amani, maana hakukuwa na mtu wa kupita akafunga. Mimi nimehamia hapa baridi iliyopita ilipokwisha. Siku za joto baba alifungua akaondoka hapo hapo, sikupata nafasi. Siku za soko sikupita na ndoo, Kikohozi akawaka, na baba akaniambia kweli tupu nami nikamwita mwotaji. Baridi ilipoanza, taulo zikaanza, chai ikaanza, na mimi kila asubuhi napita kwenye ule uchochoro nikienda kwa sungura. Binti wa fundi bomba!

Nilikwenda nikasimama mlangoni, ndoo bado mkononi. Nikamweleza baba yote, hata kulia kwenye kiti nikamweleza. Akaweka kikombe chini. Halafu akasema, taratibu, "Kwa hiyo si mimi."

Hakuwa anauliza. Alikuwa kama anajaribu maneno kama yatamtosha.

Ndipo akaniambia jambo ambalo sitalisahau hata akili yangu ikija kuondoka kweli. Kumbe kila jioni, akimfunika Kikohozi, alikuwa anapeleka mkono kufunga koki na anaikuta imeshafungwa. Tangu siku za kwanza za baridi, kabla ya Mswaki, kabla ya Honi kucheka. Alikuwa anajua kwamba alifungua, na anaikuta imefungwa. Akadhani hivyo ndivyo mtu anavyoanza kupotea. Akanyamaza asinitishe. Siku zote zile mimi nahangaika na betri jikoni, yeye anakaa anatazama mikono yake, anaiogopa. Na mikono yenyewe ilikuwa yangu.

Nilimwangukia miguuni nikalia nikamwomba radhi. Akaniacha nilie kidogo. Halafu akaniinua kidevu, akakunja uso, akasema, "Ulikuwa unafunga kwa kugusa au kwa kukaza?"

Nikamwambia sijui baba, mkono ndio unaojua.

"Raba yake ya ndani ni laini kama ulimi! Baridi yote hii unaikaza tu! Nani kakufundisha kufunga koki namna hiyo?"

"Wewe."

Akacheka! Mdogo wangu, alicheka mpaka akakohoa kuliko Kikohozi, mpaka machozi, anapiga meza, ile meza niliyokuwa naisubiri. Halafu akanyoosha kiganja. "Ufunguo wangu."

Nikampa. Akapita chumbani kwanza, nikasikia begi linaburutwa kutoka uvunguni. Akatoka na spana yake mkononi na sweta ameivaa. Akaenda bandani, akafungua koki, akaniamuru nisimame mlangoni na mikono niiweke anapoiona. Hakuna taulo mpya, hakuna chai, tumbo la injini lilikuwa bado na joto langu. Kikohozi akakohoa, akatoa moshi, akakubali. Wamekwenda kuzunguka uani, wakatoka barabarani, na Honi alipotokeza kichwa dirishani baba alimpungia ile spana, sijui kwa salamu au kwa vita.

Sasa unaelewa kwa nini nimekwambia usikate tiketi.

Sitakudanganya lakini. Sijui kama baba ni mzima kabisa. Chumvi kwenye chai sikuitia mimi. Mama kurudi sikuuliza mimi. Labda ni kitu, labda ni baridi na upweke, labda ni mtu aliyekaa anaogopa mikono yake mpaka mengine yakaanza kumponyoka. Sijui, na nimechoka kujifanya najua. Tutampeleka kwa daktari wa kweli, si kwa Honi, wala kwa dada yako anayelia kwenye simu. Ninachojua ni kwamba nilimhukumu kwa kosa lililofanywa na mkono wangu, na yeye alikubali hukumu akafunga begi.

Kwa hiyo uje, tafadhali uje, umekaa huko mno. Njoo na wifi na wanangu, wapande tela, wapigwe na baridi kidogo, itawatoa ukorofi. Lakini uje kututembelea. Tiketi za kurudi ziwe za mliokuja tu.

Baba anawasalimu sana, ninamsikia anarudi, anampigia mluzi mbwa wa watu. Anasema mgongo wako ni wa kujitakia. Honi naye anakusalimu, na hata Fundi Mswaki, ambaye amepita hapa sasa hivi nimemwambia yote na amebaki ameshika mswaki wake mdomo wazi. Wabusu wanangu kwa niaba ya shangazi yao. Mungu awatunze, awape joto huko mliko, na akurudishe salama kwenye nyumba hii baba akiwa bado ndiye anayetufungulia mlango.

Ni mimi nikupendaye, ninayepita karibu na Kikohozi mikono mfukoni,

Dada yako.

Baba amesimama nyuma yangu, anasema niongeze hili: ukija, hata wewe bandani utaingia na mikono mfukoni.